Uvimbe Ukiisha, Je, Saratani Imeisha? Skani za Nyuklia kwa Mtoto Anayetibiwa

Hotuba ya uhamasisho kuhusu saratani ya watoto, kwa wazazi, walezi, walimu na wahudumu wa afya ya jamii



Katika wadi za watoto wanaotibiwa saratani kuna maswali mawili ambayo hayaishi kuulizwa. Mzazi mmoja huuliza: "Daktari, uvimbe umeyeyuka, mtoto anacheza, mbona bado anatiwa dawa?" Mwingine huuliza: "Daktari, dawa zimemalizika, mbona uvimbe bado upo?" Yule wa kwanza yuko tayari kumrudisha mtoto nyumbani kabla ya wakati. Yule wa pili amekata tamaa, na huenda naye akafunga virago. Wote wawili wanaweza kumpoteza mtoto ambaye angepona.

Jibu la maswali hayo ni moja: uvimbe na saratani si kitu kimoja. Uvimbe unaweza kunywea na saratani ikabaki. Saratani nayo inaweza kufa, na uvimbe ukabaki kama kovu. Macho hayawezi kutofautisha, vidole haviwezi, na mara nyingine hata eksirei, ultrasaundi na CT haziwezi. Aliyezoea jiko la makaa ataelewa. Jivu likishafunika, huwezi kujua kwa kutazama kama kuna kaa lililo hai chini yake. Unaweka kiganja juu ya jiko, usikie kama kuna joto. Skani za nyuklia hufanya kazi ya kiganja hicho.

SKANI HIZI HUFANYAJE KAZI

Eksirei na CT hupiga picha ya umbo: mfupa umekaaje, uvimbe una ukubwa gani. Mashine hutoa miale, na miale hiyo hupita mwilini. Skani ya nyuklia hugeuza mpango huo. Mtoto hudungwa dawa kidogo sana inayotoa mionzi. Dawa huzunguka na damu mpaka izifikie seli zinazoivuta, kisha kamera iliyo nje hunasa miale inayotoka mwilini. Picha inayopatikana haionyeshi umbo tu. Inaonyesha kazi inayofanywa na seli.

Kwa saratani za watoto, skani tatu ndizo hutajwa zaidi.

Ya kwanza ni PET. Seli nyingi za saratani hula sukari kwa pupa. Wataalamu huchukua aina ya glukosi, wakaifunga pamoja na florini-18 inayotoa mionzi. Dawa hiyo huitwa FDG. Ikishaingia mwilini, seli zenye njaa huimeza na kuikusanya, na mahali hapo hung'aa katika picha. Siku hizi PET huunganishwa na CT katika mashine moja, PET-CT, ili CT ionyeshe mahali na PET ionyeshe uhai. Skani hii hutumika sana kwa limfoma, yaani saratani ya mitoki, na pia kwa baadhi ya saratani za mifupa na misuli.

Ya pili ni skani ya mifupa. Hapa hutumika teknetiamu-99m, iliyounganishwa na dawa inayokimbilia mahali ambapo mfupa unajijenga upya kwa kasi. Kijana mwenye saratani karibu na goti anaweza kuonekana mzima kwingine kote. Skani moja humwezesha daktari kukagua mifupa yote, kuanzia fuvu hadi vidole vya miguu.

Ya tatu ni MIBG, inayotumika kwa saratani iitwayo neuroblastoma. Saratani hii huwapata hasa watoto wa chini ya miaka mitano, na mara nyingi huanzia tumboni, juu ya figo. Dawa ya MIBG hufanana na kemikali ambayo seli hizo zimezoea kuichukua, kwa hiyo huipokea bila kujua kwamba imebeba iodini inayotoa mionzi. Mtoto hupewa kwanza dawa ya kulinda tezi ya dundumio shingoni, kwa sababu tezi hiyo hupenda iodini. Kwa kawaida picha hupigwa siku inayofuata.

Lakini si kila mtoto mwenye saratani huhitaji skani ya nyuklia. Saratani ya damu hutambuliwa kwa kupima damu na uboho wa mifupa. Saratani ya jicho huanza kwa daktari wa macho. Saratani ya figo iitwayo Wilms kwa kawaida hufuatiliwa kwa ultrasaundi na CT. Mzazi ambaye mwanawe hakutumwa skani hii asidhani amenyimwa haki. Aulize tu: "Kipimo gani kinafaa kwa ugonjwa wa mwanangu?"

MFANO WA MTOTO MWENYE MITOKI SHINGONI

Chukua mfano wa mtoto wa miaka 11 aliyevimba shingo. Uvimbe hauumi. Kwanza nyumbani inasemekana ni meno, kisha ni tonsili. Baada ya wiki kadhaa anapewa dawa za kifua kikuu, kwa kuwa kifua kikuu nacho huvimbisha mitoki. Miezi inapita. Mtoto anatokwa na jasho jingi usiku na anakonda.

Hatua iliyofaa tangu mwanzo ni biopsi, yaani kukata kipande kidogo cha mtoki na kukitazama kwa hadubini. Skani haichukui nafasi ya biopsi. Kifua kikuu na uvimbe mwingine wa maambukizi pia hula sukari, na hung'aa katika PET kama saratani inavyong'aa. Katika nchi ambako kifua kikuu bado kipo, kuhukumu kwa mng'ao peke yake ni kosa. Biopsi hutaja jina la ugonjwa. Skani huonyesha umefika wapi.

Tuseme biopsi imeonyesha limfoma ya Hodgkin, ambayo ni miongoni mwa saratani za watoto zinazopona vizuri zaidi. PET-CT ya kwanza hufanywa kabla ya matibabu. Inaweza kuonyesha kuwa ugonjwa uko shingoni na kifuani tu, au kwamba umefika kwenye wengu au mifupani, pasipokuwa na maumivu yoyote. Matokeo hayo ndiyo humwambia daktari ni dawa kiasi gani, na kwa muda gani.

PET-CT ya pili mara nyingi hufanywa baada ya mizunguko miwili ya tiba ya kemikali. Hapa ndipo kiganja huwekwa juu ya jivu. Madaktari hulinganisha mng'ao wa mitoki na mng'ao wa kawaida wa ini, kisha hutoa alama kuanzia 1 hadi 5. Mizani hiyo huitwa Deauville, kwa jina la mji wa Ufaransa ambako wataalamu walikutana mwaka 2009. Alama ndogo ina maana kwamba ugonjwa unaitikia dawa, hata kama vidole bado vinagusa uvimbe. Alama kubwa ina maana kwamba kuna kaa hai, hata kama shingo imelainika.

Uamuzi huo una uzito mkubwa kwa maisha ya mtoto. Zamani watoto wengi wenye limfoma ya Hodgkin walipigwa tiba ya mionzi kifuani na shingoni baada ya dawa. Walipona, lakini baadhi yao walipokuwa watu wazima walipata maradhi ya moyo, ya dundumio, au saratani ya matiti. Kuanzia mwaka 2007, utafiti mkubwa wa Ulaya uitwao EuroNet-PHL-C1 uliwafuatilia watoto na vijana zaidi ya 2,000. Wale ambao skani ya mapema ilionyesha wameitikia dawa vizuri hawakupewa tiba ya mionzi, na wengi wao waliendelea vizuri. Skani moja iliyofanywa kwa wakati wake inaweza kumwepusha mtoto na madhara ya miaka 30 ijayo.

Jibu la mzazi wa kwanza na wa pili linapatikana hapo. Alama nzuri baada ya mizunguko miwili haina maana kwamba dawa zisimame. Ina maana kwamba dawa zinafanya kazi, na mpango ukamilishwe. Uvimbe uliobaki mwishoni nao si lazima uwe saratani. Ukiwa hauvuti sukari, huenda ni kovu tupu, na kovu huangaliwa tu. Hakuna anayepaswa kuacha matibabu, au kukata tamaa, kwa kupapasa shingo ya mtoto.

KUFUATILIA MWILI, SI SARATANI PEKEE

Dawa zinazoua saratani zinaweza kuchosha viungo vingine. Dawa iitwayo sisplatini inaweza kuumiza figo, na doksorubisini inaweza kudhoofisha moyo. Skani za nyuklia zinaweza kupima figo zinachuja kwa kasi gani, na moyo unasukuma damu kwa nguvu gani. Hivyo daktari hupunguza dawa au kuibadilisha kabla madhara hayajawa ya kudumu. Mzazi akiambiwa mtoto anaenda kupimwa figo kwa skani, asidhani saratani imehamia huko.

JE, MIONZI HIYO HAITAMDHURU MTOTO?

Hili ni swali la haki, na mzazi anayeliuliza hakosei. Mionzi yoyote ina hatari kidogo, na mtoto yuko katika hatari zaidi ya mtu mzima kwa kuwa mwili wake unakua. Ndiyo maana kipimo cha dawa hukadiriwa kwa uzito wa mtoto, na skani haifanywi ila pale ambapo jibu lake litabadilisha matibabu. Mzazi ana haki ya kumuuliza daktari: "Jibu la skani hii litabadilisha nini?" Daktari mzuri hatachukizwa na swali hilo.

Mionzi hiyo pia haikai. Nguvu ya florini-18 hupungua kwa nusu kila baada ya dakika 110 hivi. Ya teknetiamu-99m hupungua kwa nusu kila baada ya saa 6. Sehemu nyingine hutoka kwa mkojo. Kwa sababu hiyo mtoto hunyweshwa maji mengi baada ya skani na kwenda msalani mara kwa mara. Anayembadilisha mtoto nepi avae glavu na anawe mikono. Mama mjamzito, au anayenyonyesha mtoto mwingine, awaeleze wahudumu mapema, ili mtu mwingine amsindikize mgonjwa ikibidi. Msichana aliyevunja ungo ataulizwa kama anaweza kuwa na mimba. Hilo ni swali la usalama wala si la kumwaibisha.

Mtoto aliyefanyiwa skani haambukizi mtu chochote. Wahudumu watasema ni saa ngapi asikae kwa karibu na wajawazito na watoto wachanga. Saa hizo zikipita, anaweza kubebwa, kukumbatiwa na kulala na ndugu zake kama kawaida. Hapa Kenya, matumizi ya mionzi hospitalini husimamiwa na Mamlaka ya Kudhibiti Nyuklia, KNRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019.

KUJIANDAA KWA SIKU YA SKANI

Skani nzuri huanzia nyumbani. Kwa PET ya FDG, mambo haya ndiyo huharibu picha mara nyingi.

Chakula. Mtoto hukaa bila kula kwa saa 4 hadi 6, au kama hospitali itakavyosema. Maji matupu yanaruhusiwa. Uji, chai yenye sukari, soda, juisi na peremende haviruhusiwi, kwa kuwa sukari hiyo hushindana na dawa. Nyanya anayemwonea mjukuu huruma na kumpa biskuti njiani anaweza kuharibu safari nzima. Mtoto mwenye kisukari aelezwe kwa wahudumu siku kadhaa mapema.

Michezo. Asicheze kandanda wala kukimbia siku moja kabla. Misuli iliyofanya kazi hula sukari na kung'aa.

Baridi. Mtoto anayetoka eneo la joto na kufika Nairobi asubuhi ya Julai hutetemeka. Miili ya watoto ina mafuta ya kahawia, hasa shingoni na mabegani, ambayo huchoma sukari ili kuupasha mwili joto. Mafuta hayo hung'aa pale pale ambapo daktari anatafuta mitoki. Sweta, kofia na blanketi ni sehemu ya kipimo.

Dawa. Mzazi abebe dawa zote ambazo mtoto anatumia au aandike majina yake, zikiwemo za kikohozi na mafua. Baadhi ya dawa za kuzibua pua huharibu skani ya MIBG.

Muda. FDG hutengenezwa asubuhi ileile katika mashine iitwayo saiklotroni, na haiwezi kuwekwa akiba. Iliyokuwa tayari saa mbili asubuhi imebaki nusu kabla ya saa nne. Familia inayotoka mbali ipange kufika jana yake. Ikikwama, ipige simu kituoni mapema, ili dawa isipotee na mtoto apangiwe siku nyingine.

Siku yenyewe, mtoto hupimwa sukari kwa kuchomwa kidole, hudungwa dawa mkononi, kisha hupumzika kimya kwa muda wa saa moja. Huenda msalani, halafu hulala juu ya kitanda kinachopita ndani ya mashine yenye umbo la mandazi ya duara yenye tundu. Kwa kawaida kupigwa picha huchukua chini ya nusu saa. Maumivu ni ya sindano tu. Kazi ngumu ni kutulia, na mtoto mdogo huweza kupewa dawa ya usingizi. Inasaidia kumweleza ukweli mapema. Mtoto aliyeambiwa "hakuna sindano" akakutana nayo, hataamini tena.

Picha zikitoka, mzazi asishtuke akiona ubongo na kibofu vinang'aa. Ubongo hula sukari nyingi kila siku, na kibofu kinakusanya dawa inayotoka. Si kila mng'ao ni ugonjwa. Asubiri ripoti.

SKANI HIZI ZINAPATIKANA WAPI, NA KWA GHARAMA GANI

Nchini Kenya vituo hivi bado ni vichache na vimekusanyika Nairobi. Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta ina kitengo cha tiba ya nyuklia. Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan ilianza PET-CT yenye saiklotroni yake mwaka 2018, na Hospitali ya Rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta ina kituo chake chenye PET-CT na saiklotroni. Dawa isiyodumu zaidi ya saa chache haiwezi kusambazwa kama panadoli katika kila zahanati. Kwa hiyo mtoto ndiye husafiri.

Safari huanza na barua ya rufaa kutoka hospitali. Familia ihakikishe kwamba imejisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, na kwamba mtoto ameandikishwa kama mtegemezi. Kabla ya kusafiri, iulize ni sehemu gani ya gharama italipwa na ni idhini gani inahitajika. Afisa wa ustawi wa jamii hospitalini husaidia katika hilo, na anafaa kuonwa mapema, si siku fedha zinapokwisha. Picha na ripoti za zamani zibebwe kila safari. Bila picha ya kwanza, ya pili haina cha kulinganishwa nacho, na kurudia skani ni gharama na mionzi zaidi.

MTOTO ASICHELEWE, NA ASIACHE NJIANI

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watoto na vijana 400,000 hivi hupata saratani kila mwaka. Katika nchi tajiri, zaidi ya asilimia 80 hupona. Katika nchi nyingi zenye kipato cha chini na cha kati, wanaopona hawafiki asilimia 30. Mwaka 2018 shirika hilo liliweka lengo la angalau asilimia 60 kupona ifikapo mwaka 2030. Saratani za watoto wa Afrika hazijakataa dawa. Tofauti kubwa hutokana na kuchelewa kugunduliwa, kukosa vipimo na dawa, na kuacha matibabu kabla hayajakamilika.

Hapo ndipo jirani, mwalimu na mhudumu wa afya ya jamii wana kazi. Mtoto apelekwe hospitalini akiwa na uvimbe usioisha kwa wiki nne, au uvimbe wowote juu ya mfupa wa mtulinga. Tumbo lililovimba upande mmoja. Mboni ya jicho inayong'aa nyeupe. Homa isiyoeleweka pamoja na kupauka au kuvia damu. Maumivu ya mfupa yanayomwamsha usiku. Au kichwa kinachouma asubuhi pamoja na kutapika. Ishara hizi mara nyingi si saratani. Lakini daktari ndiye wa kusema hivyo.

Na mtoto aliyeanza matibabu akionekana nyumbani siku ambayo angekuwa kliniki, mhudumu wa mtaa abishe hodi. Asiende kulaumu. Aulize ni nini kimekwama: nauli, mavuno, mtoto mwingine mgonjwa, au maneno ya watu kwamba uvimbe umeisha na hivyo mtoto amepona. Nauli inaweza kuchangwa. Maneno hayo yanaweza kujibiwa kwa upole: jivu limepoa juu, lakini bado hakuna aliyeweka kiganja. Tarehe ya skani ni lini?